Fundi wa Ndege na Nyumba ya Viumbe

Watu wa Old Moshi walimwita Fundi wa Ndege. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sitaliandika hapa. Nimewahi kuandika mambo yake mengi kwa mkono huu, na hakuna hata moja lililomletea heri. Nitamwita Fundi, kama nilivyomwita kwa karibu miaka thelathini, tangu Mwingereza alipokuwa bado anajifunza njia za mlimani kwetu hadi alipoanza kuulizwa ataondoka lini.

Kazi yake ilikuwa kuchuna ndege. Sisemi kuwanyonyoa kwa ajili ya chungu. Alimpasua ndege tumboni kwa kisu kidogo, akamvua ngozi pamoja na manyoya yake yote kama mama anavyomvua mtoto shati, akaipaka ndani dawa nyeupe ya sumu, akaijaza pamba, akaishona, akamlaza ndege chali mabawa yakiwa yamebana ubavuni. Kisha mguuni kilifungwa kikaratasi: mahali, tarehe, dume au jike, namba, na jina la Bwana. Bwana huyo alikuwa Mzungu mkusanyaji, aliyetumwa na makumbusho makubwa ya viumbe ya huko kwao. Watu walimwita Bwana Ndege. Aliyepanda mlima ni Fundi, aliyetega ni Fundi, aliyechuna ni Fundi, na jina likawa la Bwana Ndege. Mimi nilikuwa mwalimu kijana kutoka Kilema, ninafundisha Old Moshi, na wakati wa likizo niliajiriwa kuandika vile vikaratasi kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa na kila mtu, nami nilipenda kusifiwa.

Fundi hakumpa mtu mkono. Alisalimia akiwa amekunja mikono nyuma, na wageni walidhani anaringa. Ukweli ni kwamba ile dawa ilikuwa imemwingia. Viganja vyake vilikuwa vigumu vyenye madoa, na kucha zake zilikuwa na mistari myeupe ya kukingama. Nyumbani alikula kwa kijiko chake cha mti, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, na wajukuu walikatazwa kabisa kukaa mapajani pake. Nilimwuliza kama Bwana Ndege alimwonya kuhusu dawa hiyo.

"Alinionya," alisema. "Aliniambia nisiipoteze, inatoka mbali."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, ya kukuchoma huku uso wake umetulia, usijue ucheke au unyamaze. Aliua ndege wengi kuliko mtu yeyote mlimani, na hakula ndege hata mmoja. Hata kuku. Krismasi jirani zake Wakristo walimletea supu, naye aliipokea kwa shukrani, akampa mkewe. Akaniambia kwamba ukishamwona kiumbe kwa ndani, alivyopangwa kila kitu mahali pake, huwezi tena kumtia chumvi. Nikamwuliza, mbona basi unawaua? Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali nililokwisha kulijibu jana.

"Nawapeleka mahali ambapo hawatasahauliwa, Mwalimu."

Mahali hapo ndipo penye kisa chote. Makumbusho yenyewe Fundi hakuyaita makumbusho. Aliyaita Nyumba ya Viumbe. Alikuwa na picha yake, kadi aliyopewa na Bwana Ndege, imetundikwa ukutani karibu na jiko hata ikawa nyeusi kwa moshi, na bado aliweza kukuonyesha madirisha kwa kidole. Historia yake aliijua kama wengine wanavyojua historia ya ukoo. Alisimulia kwamba hapo kale huko Ulaya palikuwa na mganga mmoja tajiri aliyejaza nyumba yake mifupa, makombe, mawe na majani makavu, hata mkewe akakosa pa kuketi. Alipokufa, serikali ikavichukua vitu vyake. Nyumba ikawa ndogo, wakajenga nyingine kubwa kama kanisa, na zaidi, na ndani yake kila kiumbe wa dunia ana mtoto wa meza wake, amelazwa na kikaratasi chake. Na mlango uko wazi kwa kila mtu.

"Hata maskini wa kule anaingia bure kumtazama chozi wangu," alisema. Chozi ni yule ndege mdogo anayefyonza maua, anang'aa kama mafuta juu ya maji.

Alikuwa na sababu ya kuipenda nyumba hiyo zaidi ya kufurahisha Wazungu tu. Alikuwa ameuona msitu ukirudi nyuma. Kila mwaka kahawa ilipanda juu kidogo, misumeno ya mbao ikapanda juu kidogo, na ndege aliowatega akiwa kijana karibu na nyumba sasa aliwafuata kutwa nzima. Aliamini kwamba siku moja watu watabishana kama mlima huu uliwahi kuwa na ndege fulani, na Nyumba ya Viumbe itavuta mtoto wa meza na kusema, huyu hapa. Nilimsikiliza nikamwona mshamba kidogo. Leo naona kwamba katika sisi wote ni yeye peke yake aliyeelewa makumbusho ni ya nini, pengine kuliko wenye makumbusho.

Aliwahi kumwuliza Bwana Ndege kama ataweza kwenda kuiona. Nilikuwapo, nikatafsiri. Bwana Ndege alicheka kwa upole, akasema baridi ya huko itamwua. Alimwambia hivyo mtu aliyekuwa ametoka kulala wiki mbili nyika ya juu, kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, miguu mitupu, blanketi moja, ili kumletea yeye ndege mweusi wa mawe. Jioni ile Fundi alishona ndege kama kawaida, na ushonaji wake haukuharibika hata tundu moja.

Na yule chozi aliyemsema, wale wa makumbusho walimwona ni mpya kabisa, hajapata kuandikwa na mtu. Wakampa jina la Kilatini, jina la mke wa Bwana Ndege, mama ambaye hakuwahi kukanyaga Moshi. Nilipomweleza Fundi, aliuliza kama mama huyo anapenda ndege. Nikasema sijui. Akasema, "Basi mwulize, ajue jina lake limefungwa kwenye nini." Watoto wa huku tulikuwa na jina la ndege huyo tangu tunatambaa. Hakuna aliyetuuliza.

Mara moja nilimwalika darasani. Alikuja na ndege wake kwenye kikapu, akamchuna mbele ya watoto arobaini waliosahau hata kupumua. Kisha akawauliza wanamwitaje kwa Kichagga. Wengine wakakaa kimya, mmoja akataja la Kiingereza nililowafundisha mimi. Fundi akaniangalia, akasema taratibu, "Mwalimu, wewe na Bwana Ndege mnachuna sawasawa." Watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikaona haya, na kwa kuwa niliona haya nilimkasirikia kwa siku nyingi. Hiyo ndiyo tabia yangu, na msomaji aijue mapema.

Hakubatizwa. Wachungaji walimwendea, mapadre wa kwetu nao walimwendea, wote aliwakirimu kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kuwasikiliza hadi mwisho. Jibu lake lilikuwa moja: "Nikienda huko, baba abaki na nani?" Baba yake alikufa zamani, na alizikwa kwa desturi ya kale. Wazee wetu walimzika mtu nyumbani, na baada ya muda walimfukua, kichwa chake wakakiweka katika chungu ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, chini ya isale, uso ukielekezwa Kibo. Isale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na penye makaburi. Mtoto wa kiume mkubwa hupeleka mbege pale, humwambia baba habari za nyumbani. Fundi alikuwa mtoto huyo. Mtu mgumu kama yule, ungemsikia akiongea pale chini ya isale kwa sauti ya mtoto anayedeka. Kila aliporudi kutoka msituni alikwenda huko kabla ya kuonana na mkewe.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa. Msimu wa mwisho wa Bwana Ndege, Fundi alikuwa juu mlimani. Makumbusho yalikuwa yameandika kwamba yanataka pia mafuvu: ya mbega, ya nguruwe mwitu, na ya watu, ili wayapime. Bwana Ndege alizunguka vihambani nami nikiwa mkalimani wake. Tukafika kihamba kimoja cha juu ambacho hakikuwa na nyumba tena. Akaona isale, akaona chungu, akakifunua. Akaniuliza kama kile kichwa kina mwenyewe.

Nilijua kihamba ni cha nani. Sitajificha hapo. Lakini nilikuwa na viatu vipya, na rozari shingoni, na Mzungu alikuwa akinitazama kwa udadisi, kama anajiuliza iwapo nami nyumbani kwetu tunaweka vichwa kwenye vyungu. Nilimwambia, "Hakina mwenyewe, Bwana. Ni mambo ya kale." Akaniuliza nina hakika. Nikasema nina hakika. Akakitoa, nami nikakiandikia kikaratasi kwa ule mwandiko wangu mzuri: mahali, tarehe, mtu mume, na namba. Namba hiyo sijaisahau hata siku moja, nami sitaitaja.

Fundi aliporudi kutoka juu, siku ileile masanduku yalifungwa kupelekwa stesheni Moshi, hata hakupata nafasi ya kupita kihambani kwanza. Kufunga ilikuwa kazi yake, hakumwamini mtu. Akakuta furushi la majani makavu ya mgomba, limezungushwa kamba, kikaratasi kinaning'inia. Kusoma hakujua.

"Hiki je, Mwalimu?"

"Mbega, Fundi."

Akakipima mkononi. "Mbega mkubwa huyu," akasema, "mfupa wake mzito." Akakizungushia pamba zaidi kuliko vingine, kwa kuwa mafuvu huvunjika mashavuni, akakipa nafasi katikati ambapo hakitagongwa, akapigilia misumari. Nilishika taa ya mafuta ingawa ilikuwa mchana, maana banda lilikuwa na giza, nami nikammulikia hadi msumari wa mwisho.

Alikwenda kihambani kesho yake asubuhi na mbege yake. Watu wanasema ukelele wake ulisikika ng'ambo ya bonde. Bwana Ndege alikuwa amekwisha panda treni. Wapagazi wake walisema walimwona akifunua chungu, hivyo kila mtu alijua kichwa kimekwenda Nyumba ya Viumbe, na mtuhumiwa akawa Mzungu, naye yuko mbali. Mimi hakuna aliyenitaja. Walidhani mkalimani ni mdomo tu.

Ungetazamia kwamba Fundi angeipasua ile kadi ya ukutani. Hakuipasua. Hilo lilinishinda kulielewa kwa miaka mingi. Aliendelea kupanda mlima na kuchuna, kila mwaka sanduku moja, akilipeleka mwenyewe stesheni. Wenye ukoo walimwona kichaa, wengine walimwita mbwa wa Wazungu mbele ya uso wake. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Nyumba inayotunza chozi asipoteze hata unyoya haiwezi kupoteza kichwa cha mtu. Wamekosea tu, wakijua wanacho, watakirudisha. Na ili wajue, ni lazima waandikiwe, na ili wasome barua, ni lazima wafungue sanduku, na ili wafungue sanduku kwa furaha, ndani wawemo ndege wazuri.

Na barua aliandikiwa na nani? Alikuja kwangu. Mwandiko wangu ulisifiwa.

Kila mwaka aliketi mbele ya meza yangu, mikono nyuma, akanitajia maneno nami nikayaweka kwa Kiingereza. Yalikuwa machache. Anawasalimu wakubwa wa Nyumba ya Viumbe. Ndege ni hawa. Anaomba wamrudishie kichwa cha baba yake, kilichokuwa kinatazama Kibo. Mara ya kwanza niliandika huku nimejikaza kisabuni. Mara ya tatu niliandika nikifikiria mambo mengine. Hakuna dhambi isiyozoeleka, na anayewaambia watu vinginevyo hajawahi kukaa na moja kwa muda mrefu.

Baada ya masanduku manne jibu lilifika. Lilikuwa la heshima. Lilishukuru kwa ndege. Kuhusu kichwa, lilisema mafuvu yaliyotoka sehemu hizo ni mengi na hayana majina, lakini kama mwombaji ataleta namba iliyoandikwa kwenye kikaratasi, watakitafuta na watalifikiria ombi lake.

Fundi alisimama mlangoni pangu, amevaa koti la sikukuu kwa ajili ya barua hiyo. "Wanasemaje?"

Ningeweza kutuma namba kimya kimya. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko sala zangu. Lakini kichwa kingerudi na kikaratasi chake, na mwandiko ule kila mtoto wa Old Moshi aliujua. Nilikuwa nimeahidiwa kuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeposa. Nikaikunja barua.

"Wanatafuta," nikamwambia.

Akafumba macho, akashukuru. Tangu siku hiyo neno hilo likawa chakula chake. Waliomdhihaki njiani aliwajibu, "Wanatafuta." Mkewe aliponung'unika kuhusu mikono yake iliyokuwa ikifa ganzi, alimjibu, "Wanatafuta, mama, nivumilie." Kila tulipokutana, hata kabla sijamwamkia vizuri, aliniuliza: "Wanatafuta?" Nami nikajibu, "Wanatafuta, Fundi." Ikawa kama salamu yetu wawili.

Kisha vita vya pili vikaja, masanduku yakakatika. Vilipokwisha, mikono yake haikuweza tena kushika sindano. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kwetu Kilema, nina watoto sita na baiskeli. Kilichonigeuza hakikuwa dhamira, nisijivike kilemba. Baba yangu alifariki Kilema. Tulimzika nyuma ya kanisa, tukaweka msalaba wa saruji, na Jumapili moja nilijikuta nimeketi pale peke yangu nikimweleza habari za wanangu, kwa sauti ya mtoto anayedeka. Nikasimama nikarudi nyumbani, nikaandika barua kwenda makumbusho, na chini yake nikaandika namba.

Wakajibu baada ya miezi mingi. Namba imeonekana kitabuni. Kichwa kilikuwa katika chumba kimoja pamoja na vingine vya kutoka Afrika, na chumba hicho kiliungua wakati wa vita, bomu lilipopiga. Walisikitika.

Nikachuma isale. Kwetu aliyemkosea mtu kosa zito humpelekea jani hilo, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Ni lazima asamehe. Desturi inataka uende na wazee wawili wa kukushika mkono. Nilikwenda peke yangu, kwa sababu sikutaka wazee wasikie. Nilimkuta uani mchana, anajaribu kuwakatia ng'ombe magomba, panga linamponyoka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Wanatafuta?"

Nikamnyooshea jani. Akacheka. "Umefanya nini tena? Umeoa wa pili?" Lakini aliponiona napiga magoti aliacha kucheka. Nikamwambia yote, tangu kihambani hadi chumba kilichoungua. Yote isipokuwa moja. Aliponiuliza nani alikitia sandukuni, nilimwambia ni Bwana Ndege mwenyewe. Sijui hadi leo kama hiyo ilikuwa huruma au woga wangu uleule.

Aliliweka panga chini. Kisha akaanza kuniuliza taratibu, kama mtu anayepanga vitu mezani.

"Namba waliiomba kabla ya vita?"

"Kabla."

"Na moto ukaja wakati wa vita."

"Ndiyo, Fundi."

"Kwa hiyo baba angekuwa amerudi."

"Huenda angekuwa..."

"Sema vizuri, Mwalimu."

"Angekuwa amerudi."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa mikono yake, nami niliiona vizuri jinsi ilivyokauka. Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Isale haikataliwi," akasema. "Nimepokea. Mimi kwako sina neno. Mwenye neno ni yeye, na hata kule ulikompeleka hayupo tena." Hakupandisha sauti. Heri angenipiga kwa lile panga.

Akageuka, akamwita mkewe aliyekuwa akichambua maharage nyuma ya nyumba. "Mama! Mgeni anaondoka. Mkatie ndizi."

Karibu miaka thelathini aliniita Mwalimu, na siku za furaha aliniita mwanangu. Mgeni hakuwahi kuniita. Mama yule hakujua lolote. Aliniletea mkungu mzuri, akanipa salamu za mke wangu, akauliza mbona sikai nipate mbege. Fundi alikuwa amekwisha ingia ndani, na mlango wa katikati ulifungwa. Mlango ule sikuwahi kuuona ukifungwa mchana.

Niliubeba mkungu bonde kwa bonde hadi Kilema. Sikuweza kuutupa njiani, watu wangeniona. Nilipofika, mke wangu aliupokea, akausifu, akauliza umetoka kwa nani.

"Nimenunua sokoni," nikamwambia.